Neno Lililobaki Pengoni

Mzevinar binti Otar hakuwa mtu wa kusahau. Kijijini kwetu Tsvimari, huku juu katika milima ya Svaneti, watu walikuwa wakisema kwamba ukimkanyaga Mzevinar mguu leo, wajukuu zako ndio watakaochechemea. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye ushungi mweusi uliofungwa barabara hata kiangazi, na alitembea katikati ya njia kana kwamba njia ilikuwa shamba la baba yake. Wachumba walimjia enzi za ujana wake, nao hawakuwa wabaya. Aliwajibu wote jibu moja: "Nina shughuli."

Shughuli yenyewe kijiji kizima tuliijua. Alikuwa akingoja Murzakan afe, na afe kwa namna aliyoitaka yeye.

Juu ya Tsvimari umesimama msitu wa misonobari ambao babu zetu waliapa mbele ya picha ya Mtakatifu Giorgi kwamba hautaguswa kwa shoka. Msitu huo ndio unaoizuia theluji isitushukie. Mtu akifiwa na akakosa mbao za jeneza, heri abomoe kitanda chake kuliko kupanda kule. Ikawa vuli moja, ukungu ulipolala kijijini juma zima, Murzakan mwana wa Bimurza, aliyekuwa akiongeza nyumba kwa ajili ya arusi yake, alipata maboriti mapya, marefu, yaliyonyooka. Ukungu ulipoinuka tuliona uwazi katikati ya msitu, mithili ya jino lililong'olewa. Tangu siku hiyo mahali pale pakaitwa Pengo.

Murzakan alipoulizwa alisema ni upepo.

"Upepo gani huo," Otar, baba yake Mzevinar, alimuuliza mbele ya watu, "unaochagua iliyonyooka na kuacha iliyopinda?"

Watu walicheka. Kicheko hicho kiliishia Februari, pale theluji ilipoanguka bila kupumzika, kisha ikapita Pengoni na kulizoa zizi la Otar pamoja na mwanawe wa kiume wa pekee, Jansug, aliyekuwa ndani akiwapa ng'ombe nyasi. Tulimchimbua akiwa bado ameshika uma wa nyasi. Alikuwa kijana mcheshi, mwepesi wa kusamehe na mwepesi wa njaa. Mzevinar, dada yake, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Kwetu damu ina sheria zake. Mtu akiuawa, wazee wa pande mbili huketi, husikiliza, huapishana, kisha hukata shauri: ama fidia, ama uadui. Waliketi. Walizungumza mpaka araki ikawaishia. Hatimaye mkubwa wao akasema, "Damu hudaiwa mkono uliomwaga. Theluji haina mkono. Hapa hakuna damu."

Mzevinar, aliyekuwa amesimama mlangoni na wanawake wenzake, alijibu bila kupaza sauti: "Ahsanteni, wazee wangu. Kama theluji haina mwenyewe, basi nitaingoja hiyo hiyo. Ikimchukua na Murzakan, mje mniambie tena kwamba hakuna damu."

Aliwashangaza zaidi majira ya kuchipua. Tuna desturi kwamba mtu aliyekufa nje ghafla, kwa poromoko la theluji au kwa kuanguka jabalini, roho yake hubaki palepale. Haijui kwamba imekufa, wala haijui njia. Kwa hiyo jamaa hupanda hadi mahali hapo na jogoo, na mtu wa kupiga zeze letu la nyuzi tatu. Mpigaji humwita marehemu kwa jina na kumweleza jinsi alivyokufa. Jogoo akiwika, basi roho imesikia. Watu hugeuka na kushuka kimya, zeze likitangulia na marehemu akilifuata mpaka kizingitini. Asiyeletwa hivyo hana nafasi mezani siku zile za Januari ambapo wafu wetu wote hurudi majumbani kula pamoja nasi.

Majirani walifika langoni kwa Otar na jogoo mwekundu na zeze. Mzevinar aliwazuia kwa mkono.

"Rudini."

"Binti, tumekuja kumchukua Jansug," mpiga zeze alimwambia kwa upole.

"Nimejua mmekuja kwa nini. Mwacheni huko. Ana kazi."

"Kazi gani, mwanangu? Maiti ana kazi gani?"

"Anamngoja mtu."

Walijipiga ishara ya msalaba, wakaondoka. Otar alilia, akamsihi, akanyamaza. Alifariki baada ya miaka michache, na inasemekana kwamba Januari yake ya mwisho aliitazama nafasi ambayo ingekuwa ya mwanawe mezani mpaka chakula kikapoa. Mzevinar hakulegea. Alimwacha ndugu yake kwenye baridi kama mtu anavyomwacha mbwa langoni.

Tangu hapo aligeuka mwanafunzi wa theluji. Alichukua koleo, akapanda hadi ukingoni mwa Pengo kila baada ya dhoruba, akachimba shimo hadi kwenye udongo, akapapasa ukuta wa shimo kwa vidole vilivyo wazi. Alijifunza kwamba theluji haiwi moja, bali huwa matabaka. Kwamba baridi kavu ya muda mrefu huigeuza ile ya chini kuwa punje zisizoshikana, kama chumvi ya mawe. Kwamba upepo wa kaskazini huibeba theluji mpya na kuikandika upande wetu iwe bamba gumu. Na kwamba bamba gumu juu ya chumvi ni nyumba iliyojengwa juu ya dengu. Alijua mguno ambao theluji huutoa chini ya mguu inapokaribia kukatika. Hakuyajua hayo ili amwokoe mtu. Alitaka tu kujua siku.

Watu walianza kumuuliza. Wenye kuteremsha nyasi kutoka malishoni walipita kwake kwanza. Baadaye wakaja wageni wenye mbao za kutelezea, wanaopanda milima kwa jasho ili washuke kwa kicheko. Viongozi wao walikuwa na vipimo vyao, na mara nyingi vipimo hivyo na Mzevinar walipatana. Kila aliyeuliza aliambiwa kweli: "Pita," au "Kaa nyumbani." Murzakan peke yake hakuuliza kamwe, kwa kuwa hawakusemezana, na asiyeuliza, Mzevinar alisema, hajibiwi.

Pengo halikuzibika. Mche ukiota, poromoko la mwaka huo huung'oa. Lilishuka mara nyingi, lakini kila liliposhuka Murzakan alikuwa kwingine: mara anaumwa jino, mara yuko bondeni arusini, anakula. Mara hiyo ya arusi Mzevinar alikataa kwenda kanisani hadi Pasaka. Alimnunia Mungu.

Miaka ilikwenda zaidi ya thelathini. Murzakan akawa mzee aliyepinda mgongo, mwana wake Gela akarithi kwake zeze na ustadi wa kulipiga, na katika kijiji kizima hapakubaki nyumba nyingine yenye zeze.

Ndipo ukaja msimu ninaotaka kuuzungumzia. Desemba nzima anga lilikuwa kavu, na baridi ilipasua mawe. Theluji ya kwanza ililala pale ikigeuka chumvi. Kisha dhoruba ikaingia, ikatufunika mpaka madirishani. Upepo wa kaskazini ukafuata. Asubuhi anga lilipofunguka, jua lilikuwa kali na la kupendeza, na Pengo lilikuwa limejaa, laini, jeupe, bila mkunjo.

Mzevinar alikuwa jikoni na jirani yake Tsiuri, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye kinywa chake hakikuwahi kufungwa na mtu. Walikuwa wakiandaa mikate ya nyama. Tsiuri alikanda unga. Mzevinar alisimama dirishani.

"We Mzevinar, nyama itajikata yenyewe? Unatazama nini?"

"Ng'ombe wa watu."

Tsiuri alisogea. Nje, ng'ambo ya ua, Murzakan alikuwa akipita na maksai wake wawili waliofungwa kwenye gari la kuburuza.

"Mama yangu! Mzee huyu anakwenda wapi na theluji hii?"

"Nyasi zimemwishia. Anakwenda zizi lake la juu."

"Si atapita chini ya Pengo?"

"Njia ni hiyo moja."

"Na Pengo likoje?"

Mzevinar aliendelea kutazama nje. Tsiuri alifuta mikono kwenye aproni.

"Nimekuuliza, dada. Likoje?"

"Limeiva."

Alilitamka kama mtu anayezungumzia tunda ambalo mti wake aliupanda mwenyewe. Tsiuri alimtazama, akatazama nje, akarudi mezani polepole.

"Hutamwambia?"

"Ameniuliza?"

"Haya. Lako hilo, mimi sitii mkono." Akaanza tena kukanda unga, na kwa kuwa hakuweza kukanda kimya, aliendelea: "Ila wale hawatamwacha huko kama ulivyomwacha wa kwako. Gela atapanda na jogoo hata kabla ya Pasaka. Zeze wanalo ndani."

"Wapande. Mimi nataka afe tu, akishakufa wamchukue."

"Na Jansug?"

"Jansug kafanya nini?"

"Kafanya nini! Kakaa kwenye barafu miaka yote hii hajasikia hata uzi mmoja. Siku akisikia zeze, we, ataanza kuuliza, 'Samahani, hili ni la ukoo gani?' Si atafuata tu, maskini! Na alivyokuwa na njaa yule! Atashuka nyuma ya Murzakan, mguu kwa mguu, mpaka ndani kwao. Kila Januari atakula meza ya Murzakan, chini ya maboriti yale yale."

Kisu kilianguka. Tsiuri ametusimulia mara nyingi kwamba hakuwahi kumwona binadamu akibadilika rangi namna ile. Kabla hajaokota kisu, mlango ulikuwa wazi na Mzevinar alikuwa nje, katika soksi, mikono imejaa mafuta, akikimbia katika mkondo wa gari la maksai.

"Murzakan!"

Mzee alisimama. Alitazama kwanza upande wa pili, akidhani ameitwa na mwingine.

"Rudi!"

"Nani, mimi?"

"Kuna Murzakan mwingine mwenye maksai wajinga kama hao?"

"Maksai wangu wana njaa, binti Otar."

"Wafe njaa. Geuza."

Murzakan aliegemea fimbo yake. Macho yalimcheka. "Leo umenionea huruma?"

"Huruma nimemwachia mama yako aliyekuzaa. Pengo limeiva. Ukifika kwenye jiwe la msalaba limekushukia."

Alilitazama. "Mbona limetulia?"

"Hata mimi nilikuwa nimetulia."

Alipoona bado anasita, Mzevinar alitoka njiani, akapanda kidogo kwenye mteremko ambao haujakanyagwa, akapiga mguu chini. Theluji iliguna, nasi tuliokuwa uani tuliusikia mguno huo chini ya nyayo zetu. Ufa mwembamba ukatoka mguuni pake ukakimbia kuelekea juu kama uzi unaovutwa. Maksai waliinua vichwa, wakakataa kusonga. Murzakan aligeuza gari.

Mchana, watu wakiwa mezani, Pengo lilishuka. Kwanza juu kabisa ulionekana mstari wa bluu, kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha mteremko wote ulivunjika kama sahani na kuanza kutembea. Upepo wake ulirudisha moshi ndani ya majiko yetu. Ulipotulia, njia haikuwapo, na jiwe la msalaba, ambalo ni refu kuliko mtu, halikuonekana hata ncha.

Jioni hiyo Murzakan alikuja kwa Mzevinar na chupa ya araki. Alisimama nje ya lango, kwani hata yeye alijua mipaka.

"Nimekuja kutoa shukrani."

"Mshukuru Tsiuri."

"Uliniokoa wewe."

"Sikukuokoa. Nilimzuia ndugu yangu asije kuishi kwako." Akamweleza kwa maneno machache. Mzee alisikiliza huku akigeuza chupa mkononi.

"Sasa unataka nini?"

"Theluji ikishakaza, nitapanda kumchukua. Nataka zeze."

"Gela atakuja."

"Simtaki Gela. Gela hakumfanya kitu. Utapiga wewe, utaita wewe, na utamweleza alivyokufa."

"Nitamwambia theluji ilishuka."

"Utamwambia hiyo, halafu utamwambia ya misonobari."

"Mzevinar, upepo ule..."

"Hilo la upepo mwambie yeye mwenyewe. Yeye alikuwa huko huko, huenda aliuona."

Murzakan aliiweka chupa juu ya nguzo ya lango. Mtu aliyepewa uhai na adui yake hana namna ya kukataa. Kwetu jambo hilo hata halijadiliwi. Aliinamisha kichwa, akaenda zake. Chupa ilikaa juu ya nguzo mpaka baridi ikaipasua.

Mwezi Mei tulipanda alfajiri, theluji ikiwa imekaza kiasi cha kumbeba mtu. Mzevinar alikuwa amebeba jogoo kikapuni. Kijiji kizima kilimjua jogoo huyo: kizee, jicho lake moja limeziba, na sauti ilimkauka tangu vuli.

"Dada," Tsiuri alimnong'oneza, "huyu si atanyamaza mpaka Jumatatu?"

"Kwa nini unadhani nimemchagua?"

Alikuwa amepanga kila kitu. Alimsimamisha Murzakan mahali ambapo zizi lilikuwa, katikati ya matawi yaliyovunjika na theluji chafu ya poromoko, pale maji baridi yanapopita chini ya miguu. Alikusudia asimame hapo kutwa nzima, aite, apige, aite tena, hadi vidole vipasuke na kinywa kisibakiwe na kingine cha kutoa ila lile neno, kwamba misonobari aliikata yeye; na sote tuwepo, tusikie.

Murzakan alivuta uta. Zeze letu halina sauti kubwa. Hulia kama mtu anayejizuia kulia. Kisha akaita:

"Jansug mwana wa Otar! Mimi Murzakan mwana wa Bimurza nakuita. Ulikuja kulisha ng'ombe. Theluji ilishuka, ikakuchukua. Umekufa, ndugu. Twende nyumbani."

Jogoo alifumba jicho lake zima.

"Theluji ilipita wapi?" Mzevinar aliuliza.

Mzee alipiga tena, kwa muda. Jasho lilimtoka. "Ilipita Pengoni."

"Na Pengo lilitoka wapi?"

Murzakan aliushusha uta. Aliangalia visiki vilivyochomoza juu yetu, vimeota ukungu wa kijani, na kila kimoja kikiwa na uso bapa wa shoka. Alilamba midomo. Nilikuwa karibu naye. Niliona kinywa kikifunguka na ulimi ukiinuka kulichukua neno.

Jogoo akawika.

Aliwika kwa sauti iliyopasuka, mbaya, ndefu, shingo imenyooka kikapuni kana kwamba alikuwa na umri wa mwaka mmoja. Na jogoo akishawika, desturi haina mjadala: hakuna kusema, hakuna kutazama nyuma, zeze hutangulia. Murzakan alikifunga kinywa chake. Nitaapa kwamba hakukifunga kwa furaha, bali kwa namna ya mtu aliyeinua mzigo akaambiwa autue. Aligeuka, akaanza kushuka akipiga, na sote tukamfuata. Mzevinar alikuja mwisho, mahali pa jamaa. Alikuwa ameuma ncha ya ushungi wake kwa meno, na machozi yaliyomtoka, naamini, yalikuwa ya hasira.

Kizingitini zeze lilinyamaza. Mlango ulifunguliwa kwa ajili ya mmoja tu. Murzakan alibaki nje, akasema, "Ameshafika," akaondoka kwa mwendo wa haraka kuliko umri wake.

Januari iliyofuata Jansug alikuwa na nafasi yake mezani. Siku hizo watu husemezana na wafu kwa sauti ya chini na kwa adabu. Tsiuri, ambaye ukuta wake unapakana na ule, alimsikia Mzevinar akisema kwa sauti ya juu na bila adabu yoyote:

"Miaka yote ulivumilia, ukashindwa dakika moja? Neno lilikuwa limeshafika mdomoni! Ungekaa kimya kidogo tu, wewe na yule jogoo wako! Lakini huna kinyongo wewe, huna, hujawahi kuwa nacho, umesikia zeze tu mbio, kama ndama." Sahani ikasikika ikisogezwa. Kisha: "Haya, kula. Umekonda."

Wapo waliodhani kwamba uadui uliishia hapo. Hawamjui. Mzevinar bado hamsalimu Murzakan, wala hajala kwake, wala hataki mtu amtaje kwa wema. Lakini kila asubuhi baada ya dhoruba, mzee akitokea na maksai, dirisha hufunguka na sauti husikika kijiji kizima: "Pita!" au "Rudi, mwizi wewe!" Naye hupita au hurudi. Wageni wenye mbao za kutelezea wanadhani ni jamaa.

Baridi iliyopita Murzakan alipatwa na homa ya mapafu. Mzevinar alichinja kuku, akapika mchuzi mzito wa vitunguu saumu, akampa Tsiuri sufuria.

"Mwambie anywe wote. Asinifie na neno langu tumboni."

Murzakan alikunywa, akapona. Sufuria ilirudi imeoshwa vizuri, bila salamu na bila neno. Mzevinar aliitundika ukutani, akaenda dirishani kutazama kama Pengo limeiva.